Ishara za kiroho katika uchoraji dhahania wa kijiometri: maana yake

Uchoraji dhahania wa kijiometri hauigi sura ya mtu, mti wala jahazi. Mchoraji hubaki na mraba, mstari, duara na rangi chache tu. Ishara ya kiroho humo ni umbo lililopewa kazi ya kuelekeza moyo kwenye jambo lisiloonekana.

Mfano maarufu ni mraba mweusi wa mchoraji Kazimir Malevich, ulioonyeshwa Petrograd, Urusi, mwaka 1915. Turubai ina takriban sentimita 80 kila upande: weusi katikati, ukingo mweupe, basi. Siku hizi rangi imepasukapasuka na nyufa zinaonekana waziwazi. Jambo la kutazamwa ni mahali alipoutundika: juu kabisa, kuta mbili zinapokutana, chini ya dari. Katika nyumba za Waorthodoksi wa Urusi, hapo ndipo huwekwa picha takatifu, na watazamaji wake walilijua hilo.

Mtu wa Mombasa hapati shida kuelewa. Mihrabu ya msikiti wowote wa Mji wa Kale ni uwazi tu ukutani, hauna picha ya kiumbe, nao huonyesha kibla, ambayo kwetu ni kaskazini karibu moja kwa moja. Ila mihrabu inaeleweka na jamaa wote wanaosimama safuni. Ishara ya mchoraji mara nyingi ni yake peke yake.

Chukua Piet Mondrian, Mholanzi aliyejiunga na chama cha Wateosofia, watu wanaotafuta ukweli wa kiroho uliofichika nyuma ya dini zote, mwaka 1909. Kwake mstari wa wima ulihusu roho na uanaume, wa mlalo ukahusu maada na uanamke. Asiyeelezwa atajuaje? Binafsi namwona Agnes Martin, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Marekani, kuwa wazi zaidi. Alipiga mistari ya penseli kwenye turubai za mraba za karibu sentimita 183. Ukisogea utaona penseli ilivyoyumba kidogo ilipopita juu ya nyuzi za kitambaa. Hapo hakuna fumbo la kufumbua; utulivu wa kutazama ndio maana yenyewe.

Wala si kila mistari iliyonyooka ina roho ndani yake. Frank Stella, Mmarekani, alisisitiza katika miaka ya 1960 kwamba kwenye picha zake kilichopo ni kile unachokiona, hakuna kingine.