HELB Ikiingia, Chupa Zikifunguka: Maswali na Majibu kwa Wanafunzi wa Malindi na Kilifi

Haya ni maswali ya kawaida ya wanafunzi wa Malindi, wanaosoma hapa mjini na wanaopanda matatu kwenda Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi. Yanahusu kunywa kupita kiasi kwa kikao kimoja, na kile ambacho wenzako wanaweza kufanya kabla mambo hayajaharibika.

Mimi sinywi kila siku. Ni wikendi tu, tena si zote. Tatizo liko wapi?

Liko kwenye kiasi cha usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtu amepita kiasi akiingiza mwilini gramu 60 au zaidi za alkoholi katika kikao kimoja. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo chupa tatu zimekufikisha. Robo ya pombe kali, ile ya mililita 250 yenye asilimia 40, ina karibu gramu 79. Yaani ile robo ambayo wengi wanaiona ya kuanzia imeshavuka mpaka. Na mzinga wa mililita 750 wakigawana watatu, kila mmoja amekunywa robo yake nzima.

Ini huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna cha kuliharakisha. Robo iliyoisha saa sita usiku inaweza kuwa bado imo damuni saa mbili asubuhi, mhadhiri akianza somo.

Na mnazi je? Si kinywaji chetu cha asili?

Ni cha asili, ndiyo, lakini hauna lebo. Ulioteremshwa asubuhi ni mtamu na mpole. Hamira iliyomo inaendelea kugeuza sukari kuwa alkoholi, na kufikia jioni au kesho yake unaweza kuwa mkali sawa na bia. Ukiketi mangweni na mrija wako, huna namna ya kujua umefika wapi.

Kwa nini kazi ya kuzuia unywaji huu wapewe wanafunzi wenzetu? Si ya wazazi, mashehe, wachungaji na chuo?

Hao wana kazi yao. Lakini pombe ya chuoni hunywewa kwa kuchanga: mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, umeingia, chumba kimoja, watu wanne au watano, muziki juu. Mzazi yuko mbali na msimamizi wa hosteli amelala. Aliyepo ni rafiki.

Hapa kwetu Pwani kuna jingine. Wengi wametoka nyumba ambazo pombe ni haramu na kuonekana nayo ni aibu ya ukoo mzima. Basi hunywa kwa kujificha: mlango umefungwa, au gizani ufukweni, na haraka haraka ili wamalize kabla hawajaonekana. Kunywa haraka ndiko kunakopandisha alkoholi damuni kwa kasi. Na mmoja akizima, wenzake huogopa kumpeleka hospitali kwa sababu habari zitafika nyumbani. Woga huo naouona hatari kuliko chupa yenyewe. Kumsitiri mwenzako ni kutomtangaza. Kumfungia chumbani hali hapumui sawasawa si sitara.

Mwelimishaji rika, yaani mwanafunzi anayewaelimisha wenzake, anafanya nini hasa? Anatuhubiria?

Akihubiri ameshakosea. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Wesley Perkins na Alan Berkowitz, walionyesha kwamba wanafunzi hudhani wenzao wanakunywa zaidi ya wanavyokunywa kweli. Kila mmoja anamfukuzia mlevi wa kufikirika. Vyuo vikaanza kubandika mabango yenye takwimu halisi, lakini uchambuzi mkubwa wa tafiti hizo uliotolewa 2015 ulikuta kwamba habari za namna hiyo hupunguza unywaji kidogo mno. Sishangai. Bango halina masikio.

Kinachosaidia zaidi ni mazungumzo mafupi ya ana kwa ana. Alan Marlatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walitengeneza utaratibu ambapo mwanafunzi anahesabu mwenyewe alichokunywa na kilichompata, kisha anaamua mwenyewe atapunguza wapi, bila kukaripiwa. (Marlatt huyo alijenga baa ndani ya maabara. Waliodhani wamepewa pombe walichangamka kama walevi, na glasi zao hazikuwa na pombe hata tone. Kumbe sehemu kubwa ya raha ni kile unachokitarajia.)

Kwa hiyo usizungumze na rafiki yako usiku ule akiwa amelewa. Subiri siku moja au mbili, mkiwa mnatembea kwenda steji. Muulize: "Juzi ulifurahia nini? Na nini hukukipenda?" Kisha nyamaza, umpe nafasi. Mara nyingi ataanza na pesa: HELB ya muhula imekwisha kwa wiki mbili. Mwandikie hesabu kwenye simu yake, si yako.

Halafu kubalianeni masharti kabla ya kutoka tena. Kula kwanza, kwa sababu tumbo tupu hupitisha pombe haraka. Maji kila baada ya glasi. Hakuna kushindana kumaliza. Mmoja hanywi kabisa, na huyo ndiye anayeshika simu na nauli ya tuktuk ya kuwarudisha wote. Na hakuna anayeingia baharini. Mtu aliyelewa hajui mkondo unamvuta mpaka umeshamvuta.

Wakinicheka nikikataa?

Shika soda au dafu lako, useme "leo sinywi." Hudaiwi maelezo.

Mwenzetu amezima. Tumwache alale, asubuhi atakuwa sawa?

Hapana. Pombe iliyo tumboni huendelea kuingia damuni hata baada ya mtu kuacha kunywa, kwa hiyo aliyelala anaweza kuzidiwa akiwa usingizini. Mwite, mtikise bega, mfinye. Ikiwa haamki, au anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi inakatika kwa zaidi ya sekunde 10, au ngozi imepoa na midomo imegeuka buluu, au anatapika hajitambui, au amepata degedege, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Msisubiri dalili zote zitimie, moja yatosha. Pigeni 999, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, na gari lolote likipatikana kwanza mpakieni.

Mkingoja, mlazeni kwa ubavu, goti la juu likunjwe, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo ili matapishi yatoke nje. Akilala chali atayavuta mapafuni. Kahawa, ndimu, kumwagia maji au kumtembeza havipunguzi chochote damuni, na kidole kooni kinaweza kumpalia. Mtu mmoja asimwache hata kwa dakika. Mkifika, mwambieni daktari ukweli: alikunywa nini, kiasi gani, na kama alichanganya na vidonge. Pombe isiyo na lebo itajeni wazi, hasa akisema haoni vizuri. Mwaka 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu Kenya, na dalili zake zinaweza kuchelewa hata siku nzima.

Ramadhani nitaacha kabisa. Si inatosha?

Kuacha ni kuzuri, ila angalia pande mbili. Wapo wanaofanya vunja jungu kuwa ruhusa ya kunywa kwa mwezi mzima mbele, na wapo wanaorudi Idi pili na kiasi kile kile cha zamani. Mwili uliopumzika mwezi hauvumilii tena kiasi hicho.

Anayekunywa sana kila siku ni suala tofauti. Akikata ghafla anaweza kutetemeka, kutoka jasho, hata kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Huyo aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Nitajuaje kwamba rafiki yangu ameshapita uwezo wangu?

Anakunywa asubuhi ili mikono itulie. Usiku mzima haukumbuki, na si mara ya kwanza. Amekosa mitihani. Au anazungumzia kufa. Kwenye kliniki watamuuliza maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani, na alama 8 au zaidi ni ishara ya kuchunguzwa zaidi. Wewe si daktari, na uhai wake ukiwa hatarini, siri uliyomwahidi haikufungi. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina simu ya bure, 1192. Pigeni mkiwa pamoja, weka spika, na umwachie yeye azungumze.