Mzaliwa wa Kakuma aliichezeaje Australia na si Kenya?

Tarehe 13 Juni 2022, huko Al Rayyan nchini Qatar, Australia na Peru zilimaliza dakika 120 bila bao. Tiketi ya Kombe la Dunia ikaachiwa penalti. Mpigaji wa sita wa Australia alikuwa winga Awer Mabil, naye hakukosea. Kisha kipa Andrew Redmayne, aliyekuwa akirukaruka mstarini kama yuko ngomani, akapangua mkwaju wa Peru. Australia ikafuzu kwa 5-4.

Mabil huyo alizaliwa Kenya, Septemba 1995, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, akalelewa humo hadi miaka kumi. (Magazeti ya Kizungu hupenda kuandika kwamba “kakuma” ni Kiswahili cha “pasipo mahali”. Kiswahili cha wapi hicho, wao ndio wajuao.) Basi Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, ilimpotezaje?

Haikumpoteza, kwa kuwa haikuwahi kuwa naye. Kenya haikupi uraia kwa sababu kitovu chako kimezikwa kwenye ardhi yake. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa ni yule ambaye, siku anayozaliwa, mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au kwingineko. Sheria iliyokuwepo mwaka 1995 nayo haikutosheka na mahali pa kuzaliwa. Ajabu ni kwamba mtoto akiokotwa Kenya, akaonekana hajafika miaka minane na wazazi wake hawajulikani, huyo huhesabiwa raia wa kuzaliwa. Wazazi wa Mabil walijulikana vizuri: walikuwa wamekimbia vita vya kusini mwa Sudan.

Mlinganishe na mshambuliaji Divock Origi. Naye ni wa mwaka huohuo wa 1995, ila amezaliwa Ostend, Ubelgiji. Baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars, kwa hiyo kwa Katiba ya sasa Origi ni Mkenya wa damu, hata kama aliamua kuvaa jezi ya Ubelgiji. Aliyezaliwa ng'ambo ana haki ambayo aliyezaliwa Turkana hana.

Na nchi ya wazazi wa Mabil? Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011 na kuingia FIFA mwaka 2012. Familia yake ilikuwa Adelaide, Australia, tangu 2006, ilikopewa makazi, na mwanzoni mwa 2013 kijana alikuwa ameshaanza kuichezea Adelaide United. Mlango wa wazazi ulipofunguka, yeye alikuwa ameshakaa sebuleni kwingine.

Pasipoti peke yake pia haitoshi kuichezea nchi uliyohamia. FIFA hutaka uhusiano wa kweli: kuzaliwa huko, kuwa na mzazi au babu au bibi aliyezaliwa huko, au kuishi huko. Tangu kanuni zilipolegezwa mwaka 2020, aliyehamia kabla ya miaka 10 anahitaji kuishi miaka mitatu, na aliyehamia kati ya 10 na 18 anahitaji mitano, tena ionekane hakupelekwa kwa ajili ya timu ya taifa. Lengo ni kuzuia nchi zenye fedha zisinunue wachezaji kama bidhaa dukani.

Mabil aliingia timu ya wakubwa Oktoba 2018, Kuwait, akafunga katika mechi yake ya kwanza. Siku hiyohiyo aliichezea Australia kwa mara ya kwanza pia rafiki yake wa utotoni wa Adelaide, Thomas Deng. Deng kazaliwa Nairobi, kwa wazazi wa Sudan Kusini.

Baada ya ile penalti, Mabil alisema ilikuwa njia yake ya kuishukuru Australia kwa niaba ya familia yake, na kwamba chumba chake cha hoteli kilikuwa kikubwa kuliko kibanda walichoishi wote kambini. Kakuma hajaisahau: yeye na kaka yake walianzisha Barefoot to Boots, shirika linalopelekea watoto wa huko viatu vya mpira na jezi.