Alama 10 za Trinity Thomas kwa jicho la mwamuzi

Watoto ninaowafundisha jimnastiki wakimwona Trinity Thomas, aliyetamba kwenye jimnastiki ya vyuo vikuu vya Marekani, kwenye video, swali huwa lilelile: mwalimu, mbona Simone Biles anapewa 15 na huyu anapewa 10, halafu unasema naye ni moto? Wana haki ya kuuliza. Mashindano ya kimataifa yaliachana na kikomo cha 10 mwaka 2006. Sasa ugumu una alama zake, usafi una zake, kisha zinajumlishwa. Vyuo vikuu vya Marekani vikabaki na 10 yao. Huko, zoezi likishatimiza ugumu unaotakiwa linaanzia 10, na kazi ya mwamuzi ni kukata tu. Goti limepinda, kata. Miguu imeachana hewani, kata. Unyayo ukisogea kidogo wakati wa kutua, 0.05 au 0.1 imekwenda. Ukianguka, 0.5 nzima.

Kwa hiyo 10 maana yake mwamuzi ameshika kalamu mwanzo hadi mwisho na hakupata cha kuandika. Thomas aliipata mara 28 akiwa Chuo Kikuu cha Florida, kati ya 2019 na 2023, tena kwenye vifaa vyote vinne: meza ya kurukia, vyuma, boriti na sakafu. Hiyo ni rekodi ya NCAA, yaani michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, akiwa sawa na Jenny Hansen wa Chuo Kikuu cha Kentucky, aliyetamba miaka ya 1990, na Jamie Dantzscher wa Chuo Kikuu cha UCLA. Mwaka 2022 alitwaa ubingwa wa taifa wa vifaa vyote kwa jumla, akaongeza wa vyuma na wa sakafu.

Tusidanganyane lakini, baadhi ya 10 za siku hizi ni za hisani. Ukumbi umejaa mashabiki wa nyumbani, kelele mpaka juu darini, na katika mashindano ya kawaida ya msimu waamuzi ni wawili tu kwa kila kifaa. Kalamu inakuwa nzito. Mimi humpima mchezaji kwa fainali za taifa, ambako waamuzi ni wengi zaidi.

Ya 28 aliipata hukohuko kwenye fainali za taifa, mjini Fort Worth, Texas, Aprili 2023. Ulikuwa mwaka wake wa tano, ule wa nyongeza waliopewa wachezaji kwa sababu ya korona, na wiki mbili hivi kabla yake alikuwa ameumia mguu kwenye mashindano ya kanda. Alichoruka kinaitwa Yurchenko ya mzunguko mmoja na nusu. Unakimbia, unajibinua ili uingie kwenye ubao wa springi kinyumenyume, mikono inaisukuma meza, halafu mwili ulionyooka unapinduka hewani huku ukijizungusha mara moja na nusu.

Ile nusu ndiyo yenye kazi. Ukijizungusha mara moja tu, unatua ukiitazama meza na sakafu unaiona inakuja. Ila kwa mruko huo 10 haipo, kwa sababu mwaka 2016 thamani yake ilishushwa hadi 9.95. Ukiongeza nusu, unatua umeipa meza mgongo, na sakafu unaipapasa kwa miguu kabla macho hayajaiona. Wengi hapo hutupwa hatua moja mbele. Thomas, na mguu wake ule, alitua akaganda palepale.

Kombe la timu kwenye fainali hiyo Florida hawakulipata. Timu hupeleka wachezaji sita kwa kila kifaa na alama tano bora ndizo zinazohesabiwa, kwa hiyo vifaa vinne ni mazoezi 20 na kilele ni 200. Humo, 10 moja inaizidi 9.9 kwa 0.1 tu. Oklahoma walimaliza na 198.3875, Florida 198.2375. Pengo la 0.15: hatua ndogo moja na kijihatua cha pili, kutoka kwa yeyote kati ya waliohesabiwa.