Mgongo umefungwa vyuma, je, mfupa umeunga? Maswali na majibu

Kuunganisha pingili ni kufanya nini hasa?
Pingili (mifupa ya uti wa mgongo) mbili au zaidi hushikiliwa kwa skrubu na fito za chuma, kisha huwekwa vipande vya mfupa, mara nyingi kutoka nyonga, ili ziote ziwe mfupa mmoja. Kuunga huchukua miezi 6 hadi 12, wengine zaidi.

Siumwi tena. Picha ya nini?
Kutoumwa si kupona. Wapo ambao mfupa haujaunga na hawasikii chochote. Chuma kimewekwa kushikilia kwa muda tu. Mfupa usipounga, kila ukiinama kinakunjika kidogo, hadi skrubu inalegea au inakatika. Ndiyo maana tunakasirika mtu akiruka kliniki miezi mitano, halafu aje na fito iliyovunjika kwa sababu "nilijisikia vizuri" na akarudi kubeba magunia.

Picha gani, lini?
Eksirei ya kawaida hupigwa takriban wiki ya 6, kisha mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Daktari akiruhusu, unapigwa ukiwa umeinama na ukiwa umejinyoosha, ionekane kama pingili bado zinacheza. Penye shaka, CT, yaani eksirei ya kompyuta ya vipande vyembamba, kama milimita 1, hutafuta daraja la mfupa kati ya pingili na pingili. Pete nyeusi kuzunguka skrubu, hasa ikizidi kupanuka, inaonyesha imelegea. Kwa hiyo njoo na picha za zamani zote. Picha moja haisemi kama pete inakua.

Usikimbilie kulipia MRI (picha ya sumaku). Chuma huvuruga picha yake, na kazi yake hapa ni mishipa ya fahamu kuliko mfupa.

Picha inaweza kutabiri kabla ya upasuaji kama skrubu zitashika?
Kwa kiasi. Kipimo cha DEXA, cha msongamano wa mfupa, kikitoa alama ya T ya -2.5 au chini, mifupa ni dhaifu na skrubu hushika vibaya. Kama tayari una CT, msongamano wa mfupa husomwa humo humo: chini ya takriban 110 kwa kipimo cha Hounsfield, kwenye pingili ya kwanza ya kiuno, ni onyo. Hapo daktari anaweza kutibu mifupa kwanza au kubadili mpango.

Nimepunguza sigara, inatosha?
Haitoshi. Acha. Nikotini hubana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye mfupa mpya. Ugoro na shisha ni nikotini hiyo hiyo. Anza angalau wiki 4 kabla ya upasuaji, na usirudie hadi daktari aone daraja kwenye picha.

Na diklofenaki, dawa ya maumivu, ya dukani?
Usijinunulie. Dozi kubwa za muda mrefu zinaweza kuchelewesha kuunga, tena zinaficha maumivu. Kutoumwa kwa dawa ndiko kupona? Hapana.

Lini nisisubiri tarehe ya kliniki?
Ganzi makalioni au sehemu za siri, mkojo kuziba au kujitokea, mguu kuishiwa nguvu: hospitali leo hii, hata usiku. Homa, kidonda kutoa usaha, au maumivu yaliyokwisha kisha yakarudi: usifikishe wiki. Na kabla ya picha, mtu asikukande wala kukunyoosha mgongo.