Mteja wa kudumu kaondoka, na wewe unakimbilia kushusha bei

Juzi usiku dogo mmoja niliyemfundisha hii kazi yetu ya kukata nyasi majumbani kanipigia simu, sauti iko chini kama mtu yuko msibani. Kapoteza wateja wanne ndani ya mwezi mmoja na keshaamua cha kufanya, anashusha bei kwa wote, walioondoka na waliobaki. Nikamuuliza nani kakushauri hivyo? Kila mtu, anasema. Na kweli ni kila mtu, hilo neno nalisikia kila msimu wa mvua ukiisha, kwa hiyo leo naandika mara moja, atakayenipigia tena saa nne usiku namtumia hii asome mwenyewe, mimi nilale.

Kwanza, wateja wanaondoka. Hii kazi ndo iko hivyo. Mtu anahama, anauza nyumba, anafariki, mtoto wake kakua sasa anaweza kusukuma mashine, kamwaga zege uwanja mzima apaki magari, au mambo yamekuwa magumu na nyasi ndo kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti (samahani, hiyo imekuja yenyewe). Sasa katika hao, nani ungemrudisha kwa bei? Yule wa zege?

Nikamwambia dogo haya, tuwapitie mmoja mmoja. Wa kwanza kahama. Wa pili kanunua mashine yake, huyo mwache, ikishakaa miezi na petroli iliyolala kwenye tangi na karbureta ikaziba utamsikia tu. Wa tatu nyumba imeingia wapangaji wapya na wana kijana wao wa kufyeka. Wa nne je? Hajui. Umemuuliza? Hajamuuliza! Yaani anataka kujikata mshahara kwenye nyumba ishirini na mbili zilizobaki, watu ambao hata hawajalalamika, kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hajui kaondokea nini.

Na hesabu yenyewe mnaipiga vibaya. Tuseme katika kila mia unayolipwa, sitini inaishia kwenye petroli, oili, waya wa trima, usafiri, msaidizi na ile akiba ya mashine ikifa. Unabaki na arobaini. Ukishusha bei kwa asilimia 20 unalipwa themanini, gharama ziko palepale sitini, unabaki na ishirini. Nusu ya faida imekwenda, na ili upate ulichokuwa unapata jana inabidi ukate nyumba mara mbili ya zile za mwanzo. Mgongo wako unaijua hiyo habari?

Haya, sasa tuje kwenye kitu kinachoniudhi mimi kuliko vyote, na hiki hakuna anayekiita kupoteza mteja, ndo maana kinatumaliza. Ni yule ambaye haondoki. Ulikuwa unamkatia kila wiki, siku moja anakwambia tuwe tunaruka wiki moja, halafu inakuwa nitakuita zikiota, halafu anakuita baada ya wiki tano na anategemea bei ileile ya kila wiki. Na watu wanakushauri mshike huyohuyo, bora abaki kidogo kuliko aondoke kabisa. Jamani hapana.

Fikiria nyasi yenyewe. Kanuni tunaijua wote, usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukitaka uwanja ukae sentimita 6, unakata ikifika 9, basi, mashine inapita kama inateleza, mabaki ni madogo yanazama chini yanaoza yanakuwa mbolea, dakika arobaini uko getini unafunga vitu. Huyu wa nitakuita zikiota unamkuta na sentimita 18 na umande juu. Kufuata kanuni inabidi ukate hadi 12, uondoke, urudi baada ya siku kadhaa ukate hadi 8, urudi tena. Atakulipa safari tatu? Hawezi. Anataka leo, na anataka fupi, "nipate angalau mwezi".

Basi unashusha kimo cha kukatia unaingia. Hatua kumi mashine inakoroma, ya kumi na tano imezima. Unachomoa waya wa plagi (chomoa, sitaki kusikia habari za vidole), unailaza, chini ya bati linalofunika bledi kuna bonge la nyasi mbichi limekamata kama udongo wa mfinyanzi, unachokoa na kijiti, unawasha, hatua kumi tena. Nyuma yako umeacha marundo ambayo usipoyazoa yataua nyasi chini yake, kwa hiyo unachukua reki. Saa moja na nusu imeisha kwa pesa ya dakika arobaini na nyumba inayofuata wanakupigia uko wapi.

Halafu sehemu yenyewe ya uchungu. Nyasi ikiachwa irefuke, majani mabichi yote yanakaa juu, chini mwanga haufiki, kunabaki vijiti vya njano. Ukikata zote kwa mkupuo, huo ndo uwanja anaouona akitoka nje, njano tupu, na swali lake ni mbona umeziunguza? Siku chache mbele magugu yanashangilia jua limefika ardhini, na jirani akipita anauliza huyu fundi wenu ni nani. Ni wewe. Huyo mteja atakuja kuondoka tu, tena atasema unaharibu nyasi, na mwezi huo umempa nafasi ambayo ungempa mtu wa kila wiki.

Kwa hiyo mimi nina bei mbili na ninazitaja siku ya kwanza kabla sijawasha mashine, bei ya ratiba na bei ya nyasi ndefu. Anayetaka kuruka wiki aruke, ni uwanja wake, lakini saa zangu nazilipisha. Wengine wananuna. Wengine wanarudi kwenye ratiba bila kusema kitu, nadhani ndo mara ya kwanza mtu kawaambia kwamba kuruka kunaongeza kazi, wao walikuwa wanaona wananihurumia napumzika.

Suala la ruti, yaani nyumba zako ziko wapi na unazizungukaje, nalipita haraka maana mnalijua mnajifanya hamlijui. Wateja hawalingani hata kama wanalipa sawa. Niliwahi kumpoteza wa mbali, mstaarabu kabisa, analipa kabla sijamaliza, nikasikitika siku mbili, ya tatu nikagundua saa niliyokuwa napoteza barabarani kwenda kwake inatosha nyumba mbili za mtaa ninaofanyia kazi tayari. Lakini akiondoka mmoja wa katikati ya mtaa, hapo simama, maana majirani zake wanaongea. Pengo nalo ziba kwa jirani, siku ileile uko pale na mashine, uwanja umetoka kukatwa na unanukia, gonga geti la kushoto na la kulia.

Je ni kweli kamwe si kosa lako? Sijasema hivyo. Kuna msimu nilipoteza nyumba mbili nikazilaumu nyumba zenyewe. Kilichokuwa kimetokea ni bledi butu. Bledi butu haikati, inachana, na ukimaliza uwanja unaonekana poa tu, kijani, mistari imenyooka, unaondoka unajisifu. Kesho yake ncha zote zinageuka rangi ya majivu, halafu kahawia, lakini mimi nimeshakwenda, anayeamka anafungua dirisha akaona ni yeye. Nilijua kwa bahati nilipopita barabara ile siku ya pili kwa shughuli nyingine, nikasimama nikachuma jani moja, ncha imechanika kama uzi uliotafunwa na mtoto. Tangu hapo nanoa kabla sijaona dalili, na mara mojamoja nazunguka kesho yake kuangalia nilichoacha. Napoteza mafuta, najua.

Wanaofundisha biashara wanasema mpigie mteja aliyeondoka umuulize sababu. Nami nimemwambia dogo apige. Ila nikiri, mimi nikipiga sijawahi kuwa na uhakika nimeambiwa ukweli, watu wana aibu, wanasema tu nitakutafuta, kwa sauti ileile ya mtu anayekataa mwaliko. Napiga mara moja, nashukuru kwa muda wote, sitaji bei, naacha. Sijui kama inasaidia. Mmoja alirudi msimu uliofuata, lakini nahisi ni yule aliyenirithi ndo alinirudisha.

Na kuna mama mmoja nilimkatia miaka sita, aliacha bila neno. Kila nikipita kwake naona sasa wanamkatia fupi mpaka udongo unaonekana, kama kichwa kilichonyolewa gizani, na yeye anakaa barazani ameridhika kabisa. Hiyo bado inanichanganya. Miaka sita nilimwachia sentimita 6 nikijua ndo afya ya nyasi, labda alikuwa anataka fupi siku zote na hakusema, au alisema nikamfundisha somo badala ya kumsikiliza. Ile ya pili inanifanania.

Asubuhi hii dogo katuma meseji, kampigia yule wa nne. Sababu ni geti. Akimaliza kazi anatoka na mashine mkononi, geti analiacha wazi, mbwa wa watu katoka barabarani mara mbili na watoto wamezunguka mtaa mzima kumtafuta. Bei hata haikutajwa. Anaanza tena Jumanne, na nimemwambia anunue kamba, afunge mashine nje kwanza kisha arudi mikono mitupu kufunga geti.