Je, wajua kwa nini mraibu wa heroini huwa hatarini zaidi anapotoka gerezani?

Mtu amekaa ndani mwaka mzima bila kugusa unga. Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, ilimtesa siku za mwanzo, ikapita. Sasa amenawiri, na ndugu wanasema jela imemponya. Kumbe wiki mbili za kwanza uraiani ndizo mbaya kuliko zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu walioachiwa huru katika jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kuwa ndani ya wiki hizo hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine.

Mwili wa anayetumia kila siku huizoea heroini, ukadai nyingi zaidi. Akikaa bila kutumia, mazoea hayo huisha, lakini hamu hubaki. Akitoka anarudia kipimo chake cha zamani, na kwa kuwa heroini hupunguza kasi ya kupumua, pumzi inakatika.

Kumnyima tu, basi, si kumtibu. Mwaka 2016 magereza ya Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote Marekani, yalianza kuwapa waraibu dawa za kutibu uraibu huo: methadoni, buprenofini au naltreksoni. Aliyeingia akiwa kwenye dozi aliendelea nayo, wengine walianzishiwa humo humo, na anayetoka aliunganishwa na kliniki ya nje. Nusu ya kwanza ya 2016, waliokufa kwa kuzidisha dawa wakiwa wametoka gerezani karibuni walikuwa 26. Kipindi kama hicho 2017, walikuwa 9. Ni idadi ndogo, lakini si ya kupuuzwa.

Wapo wanaolalamika kwamba methadoni ni kubadilisha unga kwa unga. Siwaungi mkono. Hunywewa mara moja kwa siku, hutuliza arosto, na kwa dozi iliyopimwa vizuri mtu halewi. Anaweza kwenda kazini. Muhimbili, Dar es Salaam, inaitoa tangu 2011.

Ila dawa ya gerezani peke yake haifiki mbali. Uingereza, waliotoka wakiwa kwenye tiba ya aina hii walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 75 katika mwezi wa kwanza. Baada ya mwezi huo, tofauti haikuonekana tena. Ndiyo maana miadi ya kliniki ya nje inafaa ipangwe kabla mfungwa hajaachiwa, tena iwe ya kesho yake, si ya wiki ijayo.