Upole upi? Namna tunavyopima hulka ya mtu

Tulipokuwa tukijaribu dodoso la hulka lililotafsiriwa kwa Kiswahili, nilimsomea mama mmoja wa makamo sentensi isemayo, "Mimi ni mtu mpole", nikamwomba achague kati ya kukubali kabisa, kukubali, kutokuwa na uhakika, kukataa na kukataa kabisa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, upole upi? Wa kutogombana na watu, au wa kutosema sana?"

Hulka haipimwi kama shinikizo la damu. Tunaikisia kutokana na maneno na matendo ya mtu. Njia inayotumika zaidi leo ilianzia kwenye kamusi, kwa hoja kwamba tabia inayowagusa watu sana katika maisha yao haikosi kupewa jina. Mwaka 1936, Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakakusanya maneno karibu 18,000 ya kueleza watu. Wengine waliipunguza orodha hiyo, wakachunguza kwa hesabu za takwimu ni sifa zipi huandamana, na mwaka 1961 Ernest Tupes na Raymond Christal, waliokuwa wakifanya utafiti katika Jeshi la Anga la Marekani, waliona makundi matano yakijirudia: uchangamfu, utangamano na watu, umakini katika kazi, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na udadisi. Dodoso la Paul Costa na Robert McCrae la mwaka 1992, lenye sentensi 240, limejengwa juu ya makundi hayo.

Alama za mtu mzima zikipishana mno baada ya wiki mbili tu, kipimo kina walakini, kwa kuwa hulka haigeuki upesi hivyo. Tena alama hizo hazina budi kulingana na wanayoyasema watu wanaoishi naye, na kwa hiyo napendelea kumuuliza pia mwenzi, ndugu au mfanyakazi mwenzake, maana sote hujipendelea tunapojieleza.

Lipo pia tatizo la watu wanaoitikia kila kitu, hasa pale wanapoona kwamba kumkatalia mgeni ni kukosa adabu. Dawa yake ni kugeuza baadhi ya sentensi, ili anayekubali kila jambo ajipinge mwenyewe. Lakini ukiandika, "Mimi si mtu wa kujali shida za wengine", anayejali hulazimika kujibu "Sikubali", yaani akanushe jambo lililokwisha kukanushwa, na nimewaona watu makini kabisa wakiteleza hapo. Ni afadhali kuandika, "Huwa napuuza shida za wengine".

Nirudi kwenye upole. Tafsiri yetu ilikuwa imekaguliwa kwa kumpa mtu ambaye hakuwahi kuliona dodoso la awali airudishe kwenye Kiingereza, na neno lilirudi vilevile lilivyokwenda, kwa hiyo hatukushuku lolote. Kumbe kwa msikilizaji wa Kiswahili lilikuwa limebeba makundi mawili kwa pamoja: utangamano mwingi na uchangamfu mdogo. Tuliliondoa, tukaweka sentensi mbili: "Nikikosewa, husamehe upesi" na "Nikiwa kati ya watu, husema machache". Mama yule aliikubali ya kwanza bila kusita, na ya pili akaikataa huku akicheka.

Ndiyo maana nauthamini sana utafiti wa Amber Thalmayer, Gerard Saucier na wenzao uliochapishwa mwaka 2020, ambao haukutafsiri dodoso bali ulianza na maneno ya Kimaa chenyewe, lugha ya Wamaasai, na yale makundi matano hayakujitokeza vizuri. Mapema zaidi, mwaka 2013, Michael Gurven na wenzake walikuwa wameona jambo linalofanana na hilo kwa Watsimane wa Bolivia, ingawa wao walitumia dodoso lililotafsiriwa.

Naamini Kiswahili nacho kinastahili kuanzwa na maneno yake, kwa sababu tunapomweleza mtu sisi husema ana gubu, ana kimbelembele, ni mjuaji, ana utu. Dodoso ninalolitumia lina sentensi nyingi kuhusu wasiwasi, ila halina hata moja inayouliza kama mtu ana kisirani.